Kusubu fedha bila mashine: nianze na mfupa wa ngisi, mchanga au nta?

nyundo_ndogo

Wakuu, salaam. Kuchomelea, kukata kwa msumeno mwembamba na kupiga tupa ninaweza. Sasa nataka kusubu pete na vidani vya fedha kwa njia za asili, yaani kuyeyusha fedha na kuimimina kwenye kalibu (umbo la kumiminia). Sina mashine ya kuzungusha, sina pampu ya kuvuta hewa, wala tanuri la umeme lenye kipimo cha joto. Nina tochi ya gesi, jiko la mkaa lenye mvukuto, chungu kidogo cha silika cha kuyeyushia, boraksi, fedha safi ya chembechembe na vipande vya shaba nyekundu.

Naomba mwongozo kwa haya:

Njia ipi itangulie kati ya mfupa wa ngisi, mchanga na nta iliyofunikwa udongo? Na kila moja inafaa umbo gani?

Pete ya majaribio kwa kalibu ya udongo haikujaa, upande ulio mbali na mdomo umekatika. Ule uliojaa ukipigwa tupa unatoa vishimo. Mkondo wa kumiminia ulikuwa na upana wa milimita 2. Tatizo ni mkondo, joto au udongo?

Baada ya kung'arisha, fedha inabaki na mabaka ya kijivu yanayoelekea zambarau. Msasa hauyamalizi.

---

mvukuto

Nianze na pete, maana swali lako limebeba jibu lake. Milimita 2 ni nyembamba mno kwa kumimina kwa uzito wa fedha yenyewe. Hapo hakuna kinachoisukuma zaidi ya kimo chake kutoka mdomoni hadi ndani ya kalibu. Kwenye njia nyembamba fedha inapoteza joto kwenye kuta na kuganda kabla ya kufika upande wa pili.

Kwa pete ya kawaida weka mkondo wa milimita 5 hadi 6, mfupi, unaoingia sehemu NENE kuliko zote ya pete, kwa kawaida kichwani. Juu yake fungua mdomo wa umbo la faneli, na kutoka ukingo wa juu hadi pete kuwe na angalau sentimita 2.5. Kimo hicho ndicho msukumo wako. Fedha inayobaki kwenye faneli usiione hasara: pete inapoganda husinyaa, na hiyo ndiyo akiba inayoilisha. Mkondo ukiganda kabla ya pete, pete inakosa pa kunyonya na inabaki na mapengo ndani.

Sasa vishimo. Vitazame kwa lenzi kabla ya kubuni dawa. Vishimo vya mviringo, kuta zake laini zinazong'aa, ni hewa au mvuke: kalibu ilikuwa na unyevu, njia za hewa hazipo, au fedha imepashwa moto kupita kiasi ikanywa oksijeni. Vishimo vya ovyo, vyenye kuta za kukwaruza na vimejikusanya penye unene au pale mkondo unapoungana na pete, hivyo ni vya kusinyaa, na dawa yake ni mkondo mnene zaidi. Wengi huona vishimo vyovyote na kuongeza moto. Kama ni vya hewa, moto unavizidisha.

---

mfuafedha

Mpangilio wangu: mfupa wa ngisi, kisha mchanga, nta mwishoni. Sababu si ugumu wa kuchonga nta, hiyo wengi wanaiweza ndani ya wiki. Kwa mfupa unaona matokeo siku hiyohiyo, na kalibu ikiharibika hujapoteza kazi ya siku nyingi ya kukausha udongo. Unajifunza kumimina kwanza.

Mfupa unaotakiwa ni ule mweupe wa dome (ngisi mwenye mfupa mnene), mkubwa, mnene, usio na nyufa, uliokauka kabisa. Upande mmoja ni mgumu kama ganda, mwingine unabonyea kwa ukucha. Kata ncha zote mbili, kisha kata mfupa katikati kwa upana upate vipande viwili. Weka msasa juu ya kioo, sugua upande laini wa kila kipande hadi ukivikutanisha na kuvielekeza kwenye mwanga usione mwanya. Usikimbie hatua hii. Fedha itapenya kila uwazi utakaouacha.

Mfano wako, yaani umbo unalotaka kulinakili, uwe mgumu: chuma, shaba, plastiki ngumu. Nta itavunjika. Usiwe na sehemu inayorudi ndani kama ndoana, kwa sababu ikichomolewa itabomoa ukuta. Ulaze theluthi ya chini ya kipande kimoja, uukandamize hadi nusu ya unene wake, pachika vijiti vitatu vifupi pembeni viwe alama za kukutanishia, kisha funika kwa kipande cha pili na usukume kwa viganja, polepole, bila kuyumbisha. Fungua, toa mfano wima.

Chonga faneli na mkondo kwenye vipande vyote viwili. Kwa sindano kwaruza njia za hewa zinazoanzia chini na ubavuni mwa tundu la pete na kupanda hadi ukingo wa juu. Ziwe nyembamba kama unywele mnene, si zaidi, la sivyo fedha itapanda nazo. Ukitaka ile michirizi ya mawimbi ambayo ndiyo sura ya njia hii, pitisha brashi laini ndani: tabaka laini linaondoka, mistari migumu inasimama. Ukitaka uso usio na michirizi, mfupa si njia yako, nenda kwenye mchanga.

Funga kwa waya wa chuma, ziba maungio kwa udongo, simamisha kwenye trei ya mchanga mkavu. Fanya kazi penye hewa, mfupa ukiungua unanuka kama nywele zilizoungua. Kalibu moja humimina mara moja. Ya pili ukiipata, michoro itakuwa imeshalika.

---

chenga_za_mchanga

Mkuu mfuafedha kasema vizuri, ila mchanga usiuweke nyuma sana. Kwa mtu atakayerudia mfano uleule mara kumi, mfupa ni gharama, mchanga unarudi kazini.

Kuna aina mbili. Wa mafuta unauzwa ukiwa tayari na hauhitaji maji, kwa hiyo hatari ya mvuke ni ndogo. Wa maji unaweza kuuchanganya mwenyewe: mchanga laini sana uliochekechwa, udongo wa bentonaiti karibu asilimia 8 hadi 10 ya uzito, maji asilimia 3 hadi 4. Jaribio lake: finya konzi moja, fungua mkono. Alama za vidole zibaki wazi, na ukilivunja donge likatike mara moja bila kumong'onyoka. Likimong'onyoka ongeza maji kwa kunyunyiza. Likinata mkononi umezidisha. Maji yaliyozidi ndiyo yanayorusha fedha nje ya mdomo, kwa hiyo hapo usibahatishe.

Unahitaji fremu mbili zinazokaa juu ya nyingine zikiwa na alama ya kukutanisha. Jaza ya kwanza, shindilia, sawazisha. Zamisha mfano hadi nusu. Nyunyizia unga wa talki au mkaa uliosagwa laini, puliza uliozidi. Bila unga huo pande mbili zitashikana. Weka fremu ya pili, chekecha mchanga mlaini juu ya mfano kwanza, halafu ndipo ujaze na kushindilia. Tenganisha, toa mfano kwa kuugongagonga kidogo pembeni ulegee.

Mkondo toboa kwa bomba jembamba la shaba la milimita 5, ukianzia ndani ya tundu kwenda nje, usije ukabomoa ukuta wa ndani. Njia za hewa kwa sindano ya milimita 1, tatu au nne, hasa sehemu ya mwisho kujaa. Mchanga ulioshindiliwa kupita kiasi haupitishi hewa, na ulioachwa legelege unasombwa na fedha na kuonekana kama vipele kwenye uso wa kazi. Ukimaliza, kwangua tabaka jeusi lililoungua ulitupe, rudisha lililobaki.

Jambo moja husahaulika: fedha ikiganda na kupoa hupungua, na tupa na msasa vinakula vyake. Pete iliyosubiwa itatoka ndogo kuliko mfano. Fanya mfano uwe mkubwa kwa asilimia 2 hivi, na unene uongeze kidogo kwa ajili ya tupa.

---

nta_na_udongo

Nitajibu la nta, kwa sababu ndiyo njia pekee kati ya hizi isiyojali umbo lina kona gani. Watuareg wa Sahara wamekuwa wakisubu ile misalaba ya Agadez (vidani vya fedha vyenye jina la mji huo wa Niger) kwa nta na udongo, bila kipimo cha joto, kwa hiyo ukosefu wa tanuri si kikwazo.

Nta ya nyuki peke yake ni laini, inalegea mkononi. Changanya sehemu 3 za nta na sehemu 1 ya utomvu mkavu wa msonobari, yeyusha ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, chuja kwa kitambaa. Ukitaka ngumu zaidi ya kuchonga ongeza utomvu, ukitaka ya kufinyanga punguza. Bandika mkondo wa nta kwa kisu chenye moto, na pale unapoungana na pete pajazwe vizuri. Kijipenyo kidogo hapo kitakuwa kipande chembamba cha udongo ambacho fedha itakivunja na kukibeba ndani.

Osha nta kwa maji ya sabuni, suuza, la sivyo udongo unateleza. Tabaka la kwanza ndilo linalochukua kila mstari: udongo laini sehemu 1, mkaa uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa sehemu 2, maji hadi uwe mzito kama maziwa mgando. Paka kwa brashi, puliza viputo. Kiputo kilichoganda kwenye nta kitakuwa kipele cha fedha. Acha likauke kivulini, rudia mara tatu au nne. Kisha matabaka manene ya udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyochekechwa au makapi ya mpunga, milimita 5 kwa kila tabaka, hadi ukuta wote ufike milimita 12 hadi 15. Samadi na makapi vikiungua vinaacha matundu madogo ambayo hewa hupitia. Ndiyo maana kalibu ya udongo mtupu, hata iwe nzuri kiasi gani, inakataa kujaa.

Nyundo_ndogo, hukusema udongo wako ulichanganywa na nini wala ulikauka siku ngapi. Usihesabu siku. Weka kalibu shavuni: ikiwa ya baridi bado ina maji. Ufa mdogo paka uji wa tabaka la kwanza. Nyufa nyingi maana yake udongo una unato mno, ongeza makapi.

Kutoa nta: geuza mdomo chini, na moto uanzie MDOMONI. Nta hutanuka kabla ya kuyeyuka. Ukipasha ubavu kwanza, ya ndani inatanuka wakati ya mdomoni bado imeziba, na kalibu inapasuka. Iliyodondoka ikusanye, itatumika tena, ingawa kiasi fulani hunywewa na udongo. Halafu panda taratibu, saa mbili kwenye joto la chini hadi mvuke uishe, kisha zungushia mkaa hadi kalibu iwe nyekundu iliyofifia. Iache hapo mpaka moshi na mwali mdomoni vikome kabisa. Moshi ukiwepo, nta ipo, na nta ikikutana na fedha inageuka gesi.

Mimina kalibu ikiwa bado na moto. Ndani ya kivuli kizito, subiri wekundu ukaribie kupotea machoni. Hapo uko karibu na nyuzi 500 za Selsiasi. Kalibu iliyopoa ni sababu ya pili ya pete kukatika upande wa mbali, baada ya mkondo.

---

nyundo_ndogo

Nashukuru sana. Udongo ulikuwa mtupu, na kalibu ilimiminwa ikiwa vuguvugu tu.

Mkuu mvukuto, hiyo milimita 2 nimeiona ikielekezwa na mafundi wengine, tena wakisisitiza usizidishe. Na la pili kwa wote: nitajuaje fedha ya kuyeyusha ni gramu ngapi, na joto la kumimina nitalitambuaje kwa macho?

---

mvukuto

Hao hawakukosea, wanazungumzia njia nyingine: kusukuma kwa mvuke. Huko fedha haimiminwi kutoka chunguni. Inayeyushwa kwa tochi palepale kwenye faneli ya kalibu yenyewe, ambayo imetobolewa kama bakuli. Mkondo ukiwa mnene itashuka kabla haijayeyuka yote na kuziba njiani, kwa hiyo unawekwa mwembamba, milimita 1.5 hadi 2, hata mikondo miwili au mitatu kwa kazi moja, ili mvutano wa uso wa fedha uizuie kushuka yenyewe. Ikishayeyuka yote na uso wake kung'aa kama kioo, unaifunika upesi kwa kifuniko kilichojazwa karatasi au udongo uliolowa, wengine hutumia nusu ya kiazi mbichi. Maji yanageuka mvuke, mvuke unaisukuma fedha ndani. Bonyeza moja kwa moja, usizungushe, na ushikilie hadi igande, sekunde 15 hadi 20. Ukiinua mapema fedha inatapika.

Hapo utaona kwamba vipimo vya njia moja ukivipeleka kwenye nyingine vinakuangusha pande zote mbili. Mkondo mnene kwa mvuke unaharibu, mkondo mwembamba kwa kumimina unaharibu.

Joto: fedha safi huyeyuka kwa nyuzi 961 hivi, na ya 925 (sehemu 925 za fedha kati ya 1000, zilizobaki shaba) huwa imeyeyuka yote kabla ya kufika nyuzi 900. Kumimina kunataka ziada kama nyuzi 70 hadi 100. Kwa macho, kwanza inakuwa donge lenye utando unaokunjamana. Koroga kwa kijiti cha grafiti. Utando ukitoweka, uso ukawa kioo, na ukiinamisha chungu donge zima likabiringika bila kuacha mkia, hesabu sekunde chache umimine. Usikae nayo hapo. Fedha iliyoyeyuka hunywa oksijeni nyingi na kuitema inapoganda, na huo ndio mrushiko mdogomdogo na vipele unavyoviona juu ya faneli. Tumia mwali laini wenye gesi nyingi kuliko hewa, ukae juu ya fedha muda wote, pamoja na wakati wa kumimina, na mdomo wa chungu uwe umepashwa moto. Mimina kwa mkupuo mmoja usiokatika. Ukisita hata kidogo, utaona mstari wa baridi kwenye pete pale mawimbi mawili yalipokutana bila kuungana.

Chungu kipya kipake boraksi kwanza: kipashe hadi kiwe na rangi ya chungwa, nyunyizia, zungusha hadi ndani pawe na gamba la kioo. Chungu cha fedha kisitumike kuyeyushia shaba peke yake wala dhahabu.

---

mizani_ya_sonara

Hesabu ni rahisi. Pima nta pamoja na mkondo wake, zidisha kwa 11. Nta ya gramu 0.8 inataka gramu 8.8 za fedha ya 925, ongeza gramu 4 au 5 za faneli, jumla 13. Kwa mchanga na mfupa, kama mfano ni wa shaba ya njano, zidisha uzito wake kwa 1.2, na hapo mkondo haumo, kwa hiyo uongeze pamoja na faneli. Mfano wa plastiki uzamishe kwenye kipimo cha maji: kila mililita iliyopanda ni gramu 10.4. Pungukiwa usikubali, pete nusu haimaliziwi kwa kumimina mara ya pili.

Kupata 925: kwa kila gramu 100 za fedha safi weka gramu 8.1 za shaba nyekundu. Shaba iwe nyembamba, iliyosuguliwa ing'ae, ikae chini ya fedha, na boraksi juu. Koroga, mimina mkuo, kisha uuyeyushe tena ndipo usubu. Fedha safi peke yake inasubika, lakini inanywa oksijeni zaidi na pete yake inajipinda kwa vidole.

Mabaka ya zambarau ni oksidi ya shaba iliyoingia chini ya uso. Ndiyo maana msasa hauyamalizi haraka: unaondoa juu, mengine yanajitokeza. Kinga yake ni mwali ule laini aliosema mvukuto, boraksi ya kutosha, na kipande cha mkaa kinachoelea juu ya fedha chunguni. Yaliyopo tayari ama uyaondoe kwa tupa hadi uyamalize, ama upashe moto na kuchovya kwenye maji ya asidi ya sitriki ya vuguvugu (gramu 100 kwa lita), ukirudia mara kadhaa hadi uso wote ufunikwe na tabaka jeupe la fedha safi. Hilo la pili ni jembamba, mashine ya kung'arisha inalitoboa. Kwenye asidi usiingize koleo la chuma, kazi itatoka nyekundu kwa shaba.

Mabaki ya zamani yasizidi nusu ya mchanganyiko. Pitisha sumaku kutoa chenga za chuma zilizotoka kwenye tupa. Chochote kilicholehemiwa kwa risasi au bati kitenge kabisa, kiasi kidogo tu cha risasi kinaifanya fedha ivunjike kama biskuti chini ya nyundo.

---

nyundo_ndogo

Nimeelewa. Swali la mwisho: plasta ya jasi badala ya udongo? Inakauka haraka na inachukua michoro vizuri.

---

nta_na_udongo

Peke yake hapana. Jasi ikipashwa moto husinyaa na kupasuka. Lazima iwe nusu kwa nusu na unga wa silika. Na haina uvumilivu wa moto kama udongo: ukipita nyuzi 730 hivi inaanza kuvunjika na kutoa gesi ya salfa, inayotoboa fedha na kuipaka weusi. Bila kipimo cha joto, juu ya mkaa, ni rahisi sana kupita hapo bila kujua.

---

mfuafedha

Naongeza: unga wa silika ukivutwa puani unaharibu mapafu, na hayaponi. Barakoa ya vumbi, si kitambaa. Na kalibu ya plasta baada ya kumimina iache hadi wekundu wa faneli utoweke ndipo uizamishe majini, inapasuka yenyewe. Fedha ya 925 ikiwa bado nyekundu ni dhaifu, ukiigonga au kuizamisha mapema inapata ufa ambao utauona siku ya kuvuta ukubwa wa pete.

---

chenga_za_mchanga

Na usimiminie juu ya sakafu ya saruji. Tone likidondoka, unyevu ndani ya saruji unaruka na vipande. Trei ya mchanga mkavu, viatu vya kufunika mguu, miwani. Glovu za nailoni weka mbali, zinayeyukia kwenye ngozi.